Mipira ya Mzee M'Ikiara na Kisima cha Mama Gatwiri

Siku ya kuniaga, chai ikiwa bado ya moto, kijana mmoja mgeni ofisini aliniuliza mbele ya watu wote: "Madam, kwani nyinyi zamani mlikuwa watu wa maji ama watu wa benki?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini swali lilinifuata hadi nyumbani Embu. Tulikuwa watu wa maji. Mambo ya mikopo tulijifunzia barabarani, tena kwa shida. Nimeona niwaandikie ninyi mliobaki jinsi ilivyokuwa, kwa sababu mnapita Kanyakine na kuona mipira myeusi ya kunyweshea imelala mashambani mkidhani ilijipeleka yenyewe.

Vyeo na mshahara nitavipita. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara mliuona wenyewe kwa viatu vyangu.

Nilianza kazi Siakago, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na jua la huko halikunipokea vizuri. Mimi ni mtoto wa juu, upande wa majani chai, na nilishuka kwenye gari nikiwa nimevaa sweta. Bwana Nyaga, afisa wa maji wa siku nyingi ambaye nilikuwa nimekabidhiwa kwake, aliitazama ile sweta kwa muda, halafu akasema, "Hiyo ni nzuri. Tutafunikia barafu." Nilidhani ananitania. Kesho yake tulikwenda kuchukua maji ya kupimwa kwenye visima vya mchangani. Chupa zilitakiwa zifike maabara zikiwa baridi, na barafu tuliyoinunua kwa muuza soda ilikuwa inayeyuka tukiitazama. Sweta yangu ilivikwa lile sanduku la chupa, na ilibaki na kazi hiyo mpaka ikaisha.

Bwana Nyaga hakunipa karatasi yoyote kwa wiki za kwanza. Alinipa kamba, ndoo, chupa na kile chuma kirefu chenye meno ya kuzungusha ambacho hutoa udongo wa chini bila kuchimba shimo. Alinifundisha kusuuza chupa kwa maji ya kisima chenyewe kabla ya kuijaza, kushika kifuniko kikiwa kimetazama chini, na kutoamini macho. "Maji mabaya ya siku hizi ni masafi," alipenda kusema. "Yakiwa na tope mtu anayakataa mwenyewe. Haya mengine yananyweka vizuri kabisa."

Alikuwa na onyesho lake la mikebe miwili, nami nawaachia mlitumie kwa sababu sijawahi kuona chombo cha ofisi kilicholishinda. Chukua mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, itoboe chini, ijaze udongo. Juu ya kila mmoja nyunyiza wino mwekundu, huo ndio mbolea. Mkebe wa kwanza umwagie maji kwa fujo, kama mfereji unavyoingia shambani. Wa pili udondoshee polepole. Wa kwanza utatema wekundu chini upesi, kabla hujamaliza kueleza. Wa pili utaubakiza juu, mizizi iliko. Wakulima waliinama kuangalia chini ya mikebe. Mmoja tu aliwahi kuuliza kama wino unafaa kwa nyanya.

Kwa hivyo mfuko wa serikali ulipoanzishwa kuwakopesha wakulima vifaa, sisi tulijua unafanya nini. Mkulima hakupewa pesa mkononi. Alipewa mipira ya matone, yenye vitobo vya kudondoshea maji mizizini, tangi na kichujio, akalipa kidogo kidogo kila baada ya mavuno. Nia ilikuwa kwamba maji yasishuke na mbolea mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi ambayo watu wanakunywa. Ilikuwa nia nzuri, na bado naiheshimu. Ila ilikuwa na kasoro moja ambayo hakuna aliyeiona kule mezani: anayeharibu maji na anayeyanywa si mtu mmoja. Mkulima wa juu hana kisima. Mwenye kisima yuko chini na hana la kubadilisha.

Hilo nililiona Kanyakine, nilikohamishwa pamoja na Bwana Nyaga.

Kisima chenyewe kilikuwa cha Mama Gatwiri, mjane aliyeishi chini ya mteremko. Sehemu yote ile ya kijiji ilichota kwake, na hakuwahi kumtoza mtu hata senti. Tulipopeleka maji yake maabara, majibu yalirudi mabaya: chumvi ya mbolea ilikuwa imezidi. Mtu mzima angeyanywa bila kuona lolote, lakini mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji yale angeweza kukosa hewa mwilini, akabadilika rangi, akafa. Bwana Nyaga alimweleza mwenyewe, kwa Kimeru chake cha Kiembu, polepole, huku Mama Gatwiri akiendelea kupepeta maharagwe.

Alipomaliza, yule mama aliweka ungo chini. "Gatwiri yangu ako na mimba," akasema. "Ni mwalimu. Akijifungua atarudi darasani, na mtoto ataachwa na mimi na chupa. Sasa mnaniambia nimpe nini?"

Tulimwambia achemshe maji ya mtoni, na kwamba kuchemsha ya kisima hakusaidii kitu kwa chumvi ile. Mto ulikuwa chini bondeni, na Mama Gatwiri alikuwa na goti baya. Akina mama wenye watoto wachanga walianza kupita langoni kwake na mitungi yao bila kuingia, wakimsalimia kwa adabu kubwa, na nilimwona jinsi salamu zile zilivyomuuma.

Juu ya kisima, mteremko mzima, lilikuwa shamba la Mzee M'Ikiara. Alilima mishiri, yale maharagwe mabichi membamba yanayosafirishwa Ulaya, na aliyatilia mbolea ya dukani bila huruma. Maji aliyapata kwenye mfereji ambao babu yake mwenyewe aliongoza kuuchimba kutoka mlimani, na kila mtu wa pale alijua hivyo kwa sababu Mzee alihakikisha wanajua. Siku yake ya zamu alifungua mfereji, akasimama na jembe ukingoni, na shamba likang'aa maji kutoka juu hadi chini. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya kufumwa, mkali kama pilipili kichaa. Yeye na Mama Gatwiri walikuwa hawasemezani. Mama alikuwa amemwambia hadharani kwamba anawalisha watu sumu, naye akajibu kwamba kisima kimeharibiwa na mdomo wa mwenyewe.

Kinyume na nilivyotazamia, Mzee aliitaka ile mipira. Si kwa ajili ya kisima, msije mkamsifia bure. Zamu ya mfereji ilikuwa inachelewa kurudi, mishiri ikipata kiu inajikunja, na wanunuzi waliitupa iliyojikunja papo hapo kando ya barabara. Mipira ingemnyweshea kila siku kidogo. Alikuja ofisini akiwa amevaa koti.

"Mimi nataka hiyo loni yenu," akasema. "Lakini taito ya shamba iko kwa jina ya babu, na babu alikufa."

Nusu ya Meru ilikuwa hivyo, na nusu ya Embu pia. Kanuni ilisema asiye na hati kwa jina lake alete mdhamini mwenye hati. Mzee alizunguka kijiji kizima akitafuta mdhamini, na kijiji kizima kikawa na shughuli siku hiyo. Ndugu zake wa damu walimkwepa. Nilikwisha kulifungia jalada lake kabatini nilipomwona Mama Gatwiri anapanda ngazi za ofisi, goti likimsumbua, hati ya shamba lake ikiwa imefungwa ndani ya leso.

"Nimesikia M'Ikiara amekosa mtu," akasema. "Niandike mimi."

Nilimweleza kila kitu. Nilimwambia kwamba mzee asipolipa, mfuko utakuja kwa shamba lake yeye, na lile shamba alilirithi kwa mumewe akahangaika kortini mpaka likawa kwa jina lake. Nilimwambia hata kwamba hadaiwi wema na mtu kama yule. Kwa kawaida afisa haambii mteja maneno hayo, lakini nilikuwa nimempenda.

"Madam, kisima kiko wapi?" akaniuliza. "Si kiko kwa hiyo shamba? Maji ikiendelea kuharibika, shamba nitaifanyia nini, niiangalie? Huyu mzee hataacha kulima juu yangu. Wacha alime vizuri basi."

Akaweka dole gumba. Mzee M'Ikiara alipoitwa kuweka sahihi yake alikuta jina la mdhamini, akalitazama, akavua kofia, akaivaa tena. Hakusema asante. Alisema, "Huyu mama amekuwa mwendawazimu," na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia.

Mipira ilitandazwa. Kwa wakulima wengine tulipata vituko vya kawaida: mmoja alipasha msumari moto akapanua vitobo vyote kwa sababu maji yalitoka "kama ya mtu anayelia kwa aibu." Kwa Mzee hakuna kilichotobolewa. Mipira ilinyooka, kichujio kilioshwa, yeye mwenyewe alikuwa na nidhamu kama askari. Kwa hiyo nilishangaa, niliporudi msimu ulipokaribia katikati, kukuta mishiri imekuwa ya njano na miguu yangu inazama. Nilizungusha kile chuma cha udongo, kikatoka kikichuruzika. Shamba lilikuwa linanyweshwa mara mbili, kwa mipira na kwa mfereji. Mbolea yote ilikuwa inashuka kisimani kuliko hata zamani, mishiri ilikuwa inaoza mizizi, na mishiri ikioza mkopo haulipwi, na mkopo usipolipwa Mama Gatwiri anaondoka kwenye shamba lake pamoja na mjukuu. Gatwiri alikuwa amekwisha kujifungua wakati huo, mtoto wa kiume, na bibi yake alikuwa anashuka mtoni kila asubuhi na goti lile.

Hasira zilinipanda. Nilitaka vifaa ving'olewe siku ile ile. Bwana Nyaga alinisikiliza, akapangusa pikipiki, akasema, "Huyu mzee si mjinga. Mtu asiye mjinga akifanya ujinga, kuna kitu anakilinda. Twende tumuulize ni nini."

Tulimkuta ameketi juu ya ukingo wa mfereji wake. Bwana Nyaga hakumkaripia. Aliuliza tu kwa nini anafungulia maji ambayo hayataki.

"Siyataki, ndiyo," Mzee akajibu. "Lakini sheria ya mfereji unaijua? Mtu asipochukua zamu yake, inapewa mwingine. Na ikienda imeenda, hairudi. Hii mfereji ilichimbwa na babu yangu. Hiyo mipira yenu ni ya loni, na ni ya plastiki. Ikipasuka, nitanywesha shamba na nini, na mate?"

Nilikaa chini kwenye nyasi. Miaka yote ile tulikuwa tumehesabu matone, vichujio na udongo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba kuacha maji yapite ni kujinyang'anya urithi. Alikuwa anafungua mfereji kwa sababu asiyefungua anafutwa. Ungekuwa umezaliwa kwenye mteremko ule, na wewe ungefanya vivyo hivyo.

Jambo la zamu halikuwa letu kuamua. Lilikuwa la kamati ya mfereji. Walikutana siku ya Jumamosi katika darasa la shule ya msingi, wazee watupu, magoti yakigusa videvu kwenye madawati ya watoto. Mimi na Bwana Nyaga tuliruhusiwa kusikiliza. Mama Gatwiri hakualikwa na mtu yeyote. Alikuja, akasimama mlangoni, mjukuu mgongoni. Bwana Nyaga aliomba Mzee asamehewe zamu bila kuipoteza. Mwenyekiti alikataa kwa upole. Alisema zamu si shati, haiwekwi sandukuni. Maji yakipita bila mwenyewe, wa chini watazoea kuyatumia, na kesho damu itamwagika. Wazee waliitikia kwa vichwa. Nami ndani ya moyo niliona ana haki, jambo ambalo lilinikatisha tamaa zaidi.

Hapo ndipo Mama Gatwiri aliposema kutoka mlangoni. Kwa desturi mwanamke hakusemea mfereji. Hata kuukanyaga ukingo wakati unasafishwa kulikuwa na maneno yake.

"Wazee, nisamehewe," akasema. "Hii serikali imemkopesha M'Ikiara mipira. Kwani mipira imekuwa yake? Bado si ya serikali mpaka amalize? Basi na yeye akopeshe zamu. Apatie wale wa upande ule mwingine wa kilima, wenye nduma na ndizi, na kila mtu ajue ni ya M'Ikiara. Siku akiitaka, inarudi. Kitu cha kukopesha haipotei kwa mwenyewe. Mimi nimemkopesha shamba yangu yote na sijaipoteza. Ama nimeipoteza, M'Ikiara?"

Nilimtazama Mzee. Alikuwa anaangalia dawati, mahali watoto walipochora majina yao kwa wembe.

"Hujaipoteza," akasema.

Walibishana sana baada ya hapo, kama ilivyostahili. Bwana Nyaga aliongeza kwamba upande ule wa kilima mteremko hauelekei kisimani, na wenye nduma hawatumii mbolea ila samadi. Mwishowe mwenyekiti alisema kwamba zamu iliyokopeshwa mbele ya kamati haitahesabiwa kuwa imeachwa, na mwenye mipira yeyote anaweza kufanya hivyo. Sikuwahi kuona waraka wa serikali uliolinda maji ya chini ya ardhi kama maneno yale ya mzee aliyekaa kwenye dawati la darasa la kwanza. Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya choo cha walimu, halafu nikarudi kusalimia watu.

Msimu ule Mzee alivuna nusu. Uliofuata alivuna vizuri. Majirani zake wa juu, walipoona zamu zao ziko salama, walikuja kuchukua mipira na kudhaminiana wenyewe kwa wenyewe, na ofisi yetu ikawa na foleni kuliko zahanati. Mimi nikapelekwa Laare kwa muda, kuwaeleza wenye miraa habari ya mikopo. Huko nilifunzwa adabu: walinisikiliza kwa heshima, wakanunua mipira kwa pesa taslimu, wakaniuliza kwa nini serikali inapenda kudai watu. Lakini kila nilipopata ruhusa nilishuka Kanyakine na chupa zangu.

Maji ya chini ya ardhi hayana haraka, vijana. Hili ndilo litakalowatesa zaidi kazini. Unamwambia mtu afanye jambo leo, anafanya, na kisima kinaendelea kujibu makosa ya juzi. Majibu ya kwanza yalikuwa mabaya vilevile. Yaliyofuata yalipungua kidogo sana. Mzee alimaliza mkopo wake wote, hati ya Mama Gatwiri ikarudishwa kwenye leso, na bado kisima kilikuwa hakifai kwa mtoto. Mjukuu wa kwanza alikunywa maziwa ya maji ya mto mpaka akaota meno, akaanza kutembea, akaanza shule ya chekechea. Mama Gatwiri hakuwahi kuniuliza "lini." Alinipa chai, akanijazia chupa yangu mwenyewe jinsi nilivyomfundisha, kifuniko kikitazama chini.

Mkia wa miaka ile ya tisini ulipokaribia, Gatwiri akajifungua tena, msichana. Nilifika siku moja mchana nikiwa na karatasi ya maabara, na kwa mara ya kwanza sikujua niisome kwa sauti gani. Niliisoma kama ilivyoandikwa: yanafaa kwa matumizi yote, pamoja na watoto wachanga.

Mama Gatwiri aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha bati, akateka maji kisimani, na badala ya kwenda kwa mtoto akaanza kupanda mteremko. Nilimfuata. Hakuwa amekanyaga shamba la Mzee M'Ikiara tangu ugomvi wao uanze. Hata alipomdhamini hakupanda. Alipita kati ya mistari ya mishiri akiangalia asikanyage mipira, maji yakimwagikia vidole, mpaka akamfikia Mzee aliyekuwa anaosha kichujio. Alikuwa amezeeka sana kwa ghafla, au sikuwa nimemwangalia vizuri.

"Kunywa," Mama akamwambia.

Mzee alivua kofia. Aliyanywa yote bila kupumzika, akabaki ameshika kikombe. Ningeweza kumweleza kwamba chumvi ile haina ladha, na kwamba maji mabaya ya miaka iliyopita angeyanywa vivyo hivyo. Nilifunga mdomo, na hilo ni jambo jingine ambalo kazi ilinifundisha.

"Yakoje?" Mama akauliza.

Mzee alitazama ndani ya kikombe kitupu.

"Ni maji tu," akasema.

"Ndiyo," Mama Gatwiri akajibu. "Hiyo tu ndiyo nilikuwa nataka." Akachukua kikombe chake na kuteremka kwenda kumkorogea mtoto maziwa.